Mkamwana Juu ya Mnara

Visiwa havina miguu, lakini kile cha Mzee Ambakisye kilikuwa kinaondoka jioni hiyo. Wapenzi wa redio ya ridhaa, watu wanaoongea hewani kwa burudani tu, kutoka nchi za mbali walikuwa wamepiga hema juu ya mwamba katikati ya bahari ya kusini, mahali pasipoishi mtu, wakizungumza na dunia nzima. Jioni meli ingewachukua. Mzee alikwisha kuongea na karibu kila pembe ya dunia kutoka chumbani mwake huko Ileje, isipokuwa mwamba huo, na umri wake haukuwa wa kusema "safari ijayo". Sasa mvua ya usiku ilikuwa imeiacha kiziwi kabisa antena yake, juu ya mnara wa chuma nje ya nyumba.

Akampigia simu Ikupa, naye akafika kutoka Tunduma kwa bodaboda, begi la vifaa mgongoni.

Ikupa alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe Yesaya, dereva wa malori, na fundi umeme mwenye jina. Hewani yeye na mzee walikuwa marafiki wakubwa. Jioni nyingi walipiga soga kwa redio mpaka betri zikalia. Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Kwa mila zao, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hapokei kitu mkononi mwake, wala chumbani mwake haingii. Ukristo umelegeza mengi, lakini Mama Marta, mke wa mzee, hakulegeza hata fundo moja.

"Mkamwana apande juu ya kichwa cha baba mkwe?" alimaka. "Tena na suruali?"

"Sitakuwa chini yake," mzee akajibu. "Sheria ya mnara, hasimami mtu chini. Spana ikianguka haijui ukwe."

Marta akampa mgongo. Akaingia jikoni na kuubamiza mlango.

Mzee akachomoa fyuzi ya redio, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Ikupa akaiokota na kuifungia mfukoni kwa zipu. Anayepanda ndiye anayekaa na fyuzi, ili mtu asije akarusha sauti hewani wakati mwenzake kashika antena, akamuunguza mikono. Akavaa kofia ngumu, akakaza mkanda, akatazama anga. Upande wa Malawi kulikuwa kweupe. Akaanza kupanda, ndoano moja ya mkanda ikishika chuma kabla ya nyingine kuachia.

Moyo ulimdunda kwa raha! Juu kule aliona mashamba ya kahawa yakiteremka mlima, na upepo ukampiga usoni. Akafungua kiungio cha kebo. Maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na shaba ya ndani ilikuwa ya kijani kibichi. Kiungio kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa nguvu, kuanzia juu kwenda chini, jinsi watu wa huko wanavyofunga gunia la kahawa kwenye keria. Kila mzunguko ulikuwa mdomo ulioachama kuimeza mvua.

"Umeona nini?" mzee akapaza sauti kutoka kwenye mibuni.

Sasa mkamwana atamwambiaje baba mkwe kwamba amekosea?

"Mpira ulikuwa imara, Baba. Maji tu ndiyo yamepata njia."

Mzee akaangua kicheko. "Sema nimeharibu mwenyewe, mwanangu!"

Simu ya mzee ikalia. Ilikuwa Rozi, mwenzao wa redio wa Tunduma: watu wa kisiwani wameanza kukunja mahema! Mzee akasahau yote, akakimbilia chumbani, akabonyeza swichi ya redio. Ikabaki bubu. Akabonyeza tena, ndipo akakumbuka fyuzi iko wapi, na mikono ya nani iko kwenye antena. Akatoka nje akiwa ameshika kichwa, akampazia Ikupa kule juu habari ya Rozi.

"Polepole, mama! Usikimbie kwa ajili yangu!"

Na Ikupa alikuwa anataka kukimbia, mnoo. Lakini akakata kebo mpaka penye shaba safi, akakaza kiungio kipya, akakizungushia utepe kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayeezeka nyasi, ili maji yateleze. Akaiacha kebo ining'inie kidogo ili matone yadondokee pembeni. Akashuka kama alivyopanda, ndoano kwa ndoano.

Fyuzi ikarudi kupitia jiwe lilelile. Redio ikawaka, na chumba kikajaa sauti za dunia nzima zikigombania kisiwa kimoja! Ikupa alisimama nje ya dirisha, mikono kifuani. Mzee aliita. Akaita tena. Sauti yake nzito ilizama katika zile nyingine kama chumvi kwenye mchuzi.

"Dakika za mwisho," kisiwa kikatangaza.

"Ikupa!" mzee akafoka. "Sauti yako ni nyembamba, itapenya. Ingia!"

"Baba, mimi—"

"Ingia, nimesema!"

Akaingia. Akakaa kwenye kiti cha mzee, akavuta pumzi, akaitamka alama ya kituo cha mzee, jina lake la hewani, herufi moja moja.

"Mama wa Tanzania," kisiwa kikajibu kwa Kiingereza, "tunakusikia vizuri sana!"

Ikupa akapiga kelele ya furaha, akamtia mzee kipaza sauti mkononi. Na mzee huyo, aliyejiandaa kwa salamu hiyo miaka na miaka, Kiingereza chote kikamtoka kichwani.

"Shikamoo!" akasema.

Kisiwa kikacheka, kikamtakia heri, kikanyamaza.

Marta alikuja mbio akidhani kuna msiba. Akamkuta mumewe anacheza katikati ya chumba, machozi mashavuni, na mkamwana kwenye kiti cha baba mkwe. Ikupa akaruka kusimama kwa aibu.

"Kaa, mwanangu," mzee akamwambia, kisha akamgeukia mkewe. "Marta, mletee fundi chai. Hapohapo alipo."