Farasi wa Baharini wa Mackrine

Ndyamukama hakuwachukia wale samaki. Aliyemchukia ni mtu aliyewaleta.

Mkewe Mackrine, mwalimu wa biolojia, alikuwa akifuga farasi wa baharini wawili, dume na jike, sebuleni kwao Nyabiyonza. Waliishi kwenye tangi la kioo, katika maji aliyoyachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu. Walisimama wima, vichwa kama vya farasi kweli, mikia imejiviringisha kwenye majani ya plastiki. Jirani wakija, Ndyamukama mwenyewe ndiye aliyewaonyesha kwa fahari.

Lakini walitoka kwa Yustus, mzaliwa wa Kituntu aliyesoma na Mackrine na sasa yuko Tanga, ana kibali cha kuwazalisha. Kila jioni Mackrine alikaa mbele ya tangi akampigia simu ya video.

"Yustus, hebu ona! Leo wamefungana mikia!"

Kisha anacheka. Ndyamukama, akiwa mlangoni na viatu vyenye udongo wa shambani, alijaribu kukumbuka ni lini yeye alichekewa vile. Hakukumbuka.

"Huyo mtu ana mke?" aliuliza siku moja.

"Hana. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Mwezi wa kumi na mbili Mackrine akaenda Bukoba kusahihisha mitihani. Aliacha maagizo: uduvi mara mbili kwa siku, asiguse kingine, na likitokea tatizo ampigie Yustus. Namba aliiandika kwenye karatasi akaibandika kwenye kioo.

Gari lake lilipoondoka tu, Ndyamukama aliibandua ile karatasi, akaichana na kuitia mekoni chini ya chungu cha maharage.

Siku ya pili umeme ukakatika alfajiri. Kufikia saa tatu pampu ya hewa ya tangi ilikuwa imenyamaza muda mrefu, maji yametulia kama ya mtungini. Jike alikuwa amelala chini kwa ubavu. Dume alipanda juu, akawa anahema. Ndyamukama alimpigia mkewe. Simu imezimwa, maana wasahihishaji hawaruhusiwi kuingia nazo. Alipiga tena mara sita.

Alikaa kidogo akilitazama tangi. Halafu akawasha pikipiki akaenda Kituntu kwa mama yake Yustus. Ilimchukua zaidi ya saa nzima, na njia nzima alikuwa akijitukana.

Alimkuta mama mzee amekaa uani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. U wa nani wewe?"

"Mimi ni mume wa Mackrine. Mwalimu, wa Nyabiyonza."

Uso wa mama ukachangamka. "Mackrine! Hajambo? Yustus hamalizi wiki bila kumtaja."

Ndyamukama aliomba namba ya Yustus. Mama, bila kuuliza zaidi, akapiga mwenyewe kwa simu yake na kumkabidhi.

Yustus alisikiliza, kisha akasema haraka: "Rudi nyumbani. Chukua jagi safi, chota maji ya tangi, yamimine humohumo kutoka juu, polepole. Yanahitaji hewa. Usiache mpaka umeme urudi. Mackrine alisema ameibandika namba yangu kwenye kioo, mbona umekwenda mpaka kwa mama?"

"Niliichana."

Kabla mwenzake hajauliza kwa nini, akaongeza:

"Yustus, wewe na mke wangu mna nini?"

Kisu cha mama kikasimama juu ya ndizi.

"Nilimposa kabla yako," Yustus akasema. "Alinikataa. Tangu hapo tunazungumza habari za samaki. Sasa nenda kachote maji, bwana, wanakufa."

Ndyamukama alirudi akachota. Alichota mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha mwingine. Umeme ulirudi saa kumi jioni. Dume alikuwa ameshuka na kujishikiza tena kwenye jani. Jike hakuamka.

Mackrine aliporudi, Ndyamukama alimweleza yote, hata ile karatasi, hata safari ya Kituntu.

"Kwa nini hukuniambia kwamba alikuposa?" Ndyamukama akauliza.

"Ningekwambia, ungeniruhusu kuwafuga?"

"Hapana."

"Basi umejijibu."

Walimzika jike kwenye mibuni. Siku tatu Mackrine alizungumza naye mambo ya chakula na ya shamba tu. Ya nne akaweka simu mezani mbele yake.

"Mpigie Yustus umwambie jike amekufa. Wewe ndiye uliyeichana namba."

Alipiga. Yustus alipokea mara moja.

"Jike amekufa," Ndyamukama akasema. "Kosa ni langu."

"Dume anakula?"

"Anakula."

"Mpe uduvi kidogokidogo, usimshibishe. Na mwalimu mpe pole zangu."

"Nitampa."

Mackrine alikuwa jikoni, hatua kumi tu kutoka pale, akiimba kwa sauti ya chini huku anaosha vyombo. Ndyamukama aliirudisha simu mezani, akachukua panga, akaenda kupogoa migomba. Zile pole alikaa nazo moyoni mpaka kesho yake jioni, ndipo akazitoa.