Zimwi la Galaksi Ndogo

Haki ya Mungu tena, kama nadanganya radi inipasue hapa nilipokaa: nililisikia zimwi likihema.

Ilikuwa asubuhi, ofisini kwa mpwa wangu, mpimaji wa kasi za nyota. Nilimpelekea chai, mstaafu kazi yake ni kupeleka chai na kutoondoka. Mbele yake, kwenye kompyuta, palikuwa na galaksi moja ndogo, hafifu kama vumbi la chaki.

"Mjomba, nyota hizi zinakimbia mno. Kwa uzito tunaouona, zingeshatawanyika zamani. Kuna kitu kizito kimezishika, hakionekani."

"Kiko hukohuko?"

"Hata humu chumbani kinapita."

Zimwi hilo! Nikapandisha miguu kitini. Feni ikasimama yenyewe, kitu kikahema, chai ikajivuta kuelekea dirishani. Msiniulize.

Mara kompyuta ikalia: vipimo vipya kutoka kwenye darubini. Mpwa wangu akainamia kioo.

"Nyota hii mwaka jana ilizishinda zote kwa mbio. Leo inajikokota."

"Limeiachia!" nikapiga kelele. "Linatafuta wa kumkamata!"

"Hapana. Ina mwenzake, zinazungukana. Nilipima mara moja tu, nikadhani kasi yote ni ya galaksi, kumbe mwenzake ndiye aliyekuwa akiikimbiza." Akatazama saa. "Mchana nasimama mbele ya jopo linalogawa zamu za darubini. Ikiwa uzito wote niliotangaza ni kosa la nyota hii, darubini wananinyang'anya."

"Itoe, zimwi life! Naweka rehani masharubu yangu, halitabaki!"

"Masharubu, Mjomba?"

"Yanyolewe!"

Akaitoa, akapiga hesabu upya. Nilisikia meno yangu yakigongana. Uzito ukashuka, ukashuka, ukagoma. Nyota zilizobaki bado zilikimbia.

"Kipo," akasema, akashusha pumzi. "Kidogo kuliko nilivyosema, lakini kipo. Nitawaambia hivyo, na kosa langu pia."

Woga ukamtoka yeye, ukanihamia mimi wote.

Nyumbani nikahadithia kwamba niliweka dau la masharubu kuwa zimwi lipo, nikashinda, kifua mbele. Mke wangu akanipakulia mara mbili.

Jioni mpwa wangu akaingia anacheka: darubini wamemwachia. Akasikia sifa zangu, akasimama.

"Mkazamjomba, muulize nani alikuwa chini ya meza, ameng'ang'ania mguu wangu, akiweka dau kwamba zimwi litakufa."

Mke wangu akaleta wembe na beseni la maji.

"Kaa hapo," akasema, "na usitetemeke."

Nikatetemeka.