Nyumba Iliyozidi

Bwana Iturra wa ofisi ya mipango alipima kiwanja cha jirani yangu Edelmira, akatangaza kwamba kimezidi nyumba moja. Mpango mpya unasema nusu hekta, nyumba moja. Ile ya bintiye Yasna, aliyerudi kisiwani kumuuguza mama yake, ibomolewe kabla ya mwisho wa mwezi.

"Na vile vya kilimani?" nikamuuliza. Tajiri wa mjini amejenga vibanda huko mpaka vinapigana vikumbo.

"Vile ni vya wageni, mama. Si makazi."

"Kumbe wageni hawaendi chooni?"

Akaanza kukunja kamba yake ya kupimia. "Na Edelmira hawezi hata kujigeuza kitandani peke yake," nikaongeza.

"Basi binti akahamie kwa mama yake," Iturra akasema.

"Na wanangu niwalaze juu ya jiko?" Yasna akamkazia macho. "Hebu niambie, kaka, nyumba moja ni ipi?"

"Yenye kuta zilizoungana, chini ya paa moja. Ukubwa si hoja."

"Haya. Umesema mwenyewe."

Hapa kisiwani Chiloé nyumba zetu ni za mbao, na mtu akihama huhama na nyumba yake. Jumamosi majirani wakaja. Malipo yao ni kushiba tu. Tukaipandisha nyumba ya Yasna juu ya magogo, tukafunga maksai waivute.

"Vuta, Mansilla! Au umekuja kunywa tu?" nikamfokea jirani aliyeshika kamba.

"Nimekuja kwa yote mawili, shangazi!"

Nyumba ikakatiza shamba la viazi, mapazia yakiwa bado dirishani, hadi ubavu wake ukagusa nyumba ya mama yake. Tukatoboa mlango katikati, tukaziba ufa kati ya mapaa kwa mabati. Edelmira akaletwa mlangoni kwa kiti, akalia na kucheka kwa pamoja.

Iturra aliporudi akazunguka, akapima, akaandika: moja.

"Watu walewale, choo kilekile, kisima kilekile," nikamfokea. "Umepunguza nini, wewe?"

"Sheria imefuatwa, mama. Lengo letu ni kulinda mashamba."

Matuta yote yalikuwa yamesagwa na magogo. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa tope.

"Basi, mwanangu," Edelmira akamwambia kwa upole kutoka kitini pake mlangoni, "toa mguu wako juu ya viazi vyangu."