Jembe la Sabasaba

Msinitajie Antipasi nikiwa nakula. Nitatema.

Madoa hakuwa ng'ombe wake. Alikuwa wa Marietha, jirani yangu, mjane wa marehemu kaka yake Antipasi. Sisi Wanyaturu hatuweki mali yote zizi moja; ugonjwa ukiingia, umekwisha. Unampa mwenzio ng'ombe akutunzie. Maziwa anakunywa yeye, ng'ombe na ndama ni wako, na siku ukimtaka unamfuata. Karatasi hakuna, ni mdomo na aibu. Mdomo Antipasi alikuwa nao.

Mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, binti yake Marietha alifariki kwa uzazi, akaacha kichanga, Alute. Tulimnywesha uji mwepesi wa uwele, akawa anautapika. Marietha akaenda kwa shemeji yake.

"Shemeji, nimemfuata Madoa. Mtoto ananifia."

"Eh, shemeji, Sabasaba si hiyo imefika! Ngoja nimpeleke maonyesho Ilongero, nikirudi nakuletea mwenyewe mpaka mlangoni."

Akangoja. Subira huvuta heri, si ndivyo wanavyotudanganya?

Siku yenyewe mimi na Marietha tukaenda pia. Pale uwanjani mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa anahaha. Mtama tulikuwa nao, alizeti tulikuwa nayo, lakini mifugo ya ujamaa ilikuwa mbavu tupu. Na zawadi ilikuwa ya ng'ombe wa kijiji, si wa mtu binafsi. Bwana mifugo akamzunguka Madoa, kanenepa, ngozi inang'aa, akauliza ni wa nani.

Antipasi akamtazama mwenyekiti. "Wa kijiji," akasema. "Mimi namtunza tu."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Ng'ombe wa Marietha huyo!"

"Raheli, maneno ya zizini yaishie zizini," mwenyekiti akanijibu. "Au huyo mama anaficha mali wakati wenzake wanajenga ujamaa?"

Watu wakacheka.

Ikabaki kumkamua mbele ya wageni. Antipasi akachuchumaa. Ndama kaachwa nyumbani, ngoma zinalia, umati umesonga. Madoa akabana maziwa. Hata tone! Antipasi akavuta, akatukana, akala teke, kibuyu kikabingirika. Nilifurahi, sifichi. Bado kidogo tu watolewe mashindanoni na ng'ombe arudi nyumbani. Lakini Marietha alimlea Madoa tangu ndama, hakuweza kuona chuchu zinavutwa vile. Akaingia uwanjani na Alute mgongoni, akampapasa ubavuni, akamnong'oneza kwa Kinyaturu. Maziwa yakashuka.

Makofi! Alute akasikia harufu, akaanza kulia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Marietha akachovya kidole kwenye povu ampe.

Mwenyekiti akamshika mkono. "Aa, mama. Hayo ya wageni."

Wageni wakanywa, wakasifu, mmoja akafuta sharubu kwa leso. Kijiji kikashinda. Madoa akapelekwa zizi la ujamaa, na Antipasi, mtunzaji hodari, akapewa jembe jipya. Marietha naye hawakumsahau: akaamriwa aje kila asubuhi kumkamua Madoa, maana kwa mwingine hashushi, na mgambo asimame pale mpaka maziwa yafike kwa mwenyekiti, ambaye angeyagawa. Aliyagawa, ndiyo. Watoto wake walinenepa mashavu.

Alute alikata roho hatujamaliza kupura mtama. Ardhi ilikuwa kavu, majembe yetu makuukuu yanadunda tu. Mtu akaenda kuazima lile la zawadi. Lilichimba vizuri, niseme ukweli, na kaburi lenyewe halikuwa kubwa.

Bado tumekaa matanga, Antipasi akapiga hodi. Hakuketi.

"Poleni, shemeji. Nimefuata jembe langu."

Nikalichukua kule nyuma ya nyumba, nikamtupia miguuni. Akalitazama lilivyojaa udongo.

"Mngelisafisha kwanza," akasema.

Marietha akanyanyuka, akachota maji, akaliosha.