Puda ya Katungu

Katungu, dada ya bwana yangu, anasomaka criminologie, mambo ya uhalifu, mu ordinateur, kwa internet. Ni master, na jury, balimu benye kumupima, iko kule Ulaya! Alikimbia vita ya Goma, tukamupokea hapa Kampemba. Banasema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Huyu tulimupa connexion. Camions za mizigo za Muhindo, bwana yangu, zimesimama juu njia ya Kivu imefungwa, unga inapanda bei, lakini connexion ya Katungu haikosekane. Nilikuwa namuita Madame Juge, mama hakimu. Wivu? Ndiyo, wivu, sifiche.

Miye pia nilisoma droit, sheria. Siku ya matokeo yangu risasi ililia mu mji, kila mutu akajifungia mu nyumba. Ile puda ya batoto yenye banamwangaka ku kichwa ya mwenye amefaulu, sikuiona. Hata kisha, Muhindo, fiancé, muchumba yangu ya wakati ule, hakukumbuka kuninunulia.

Kumbe puda ya dada yake akainunua hata mbele siku ya soutenance, ya kutetea kazi yake, ifike! Boîte, kopo kubwa, juu ya armoire ya nguo. Roho ilinichoma. Kila asubuhi nikamupakala mutoto wangu ile puda, shingo, matako, miguu, mpaka ikaisha. Nikarudisha boîte pale pale.

Siku ikafika. Tulisikia Katungu anaelezea jury juu ya bantu benye kuchoma mwizi bila kumupeleka ku tribunal. Bakamupa distinction. Mama yake alikuwa ku simu, kule Goma, anangojea kuona puda. Muhindo akageuza boîte juu ya kichwa ya dada yake. Hakukutoka kitu.

Haya ilinishika. Nikakimbia mu cuisine, nikaleta unga yetu yote ya bukari, ugali ya mangaribi, nikamumwangia.

Katungu akanisogelea, akasema polepole, kama kwa dada yake mukubwa:

“Yaya, nilijua tangu juzi, mutoto ananukia puda yangu. Lakini ku masomo yetu, kisha kujua nani alifanya, tunauliza juu ya nini, sababu gani. Nikauliza Muhindo, akaniambia siku yako ya matokeo ilipita namna gani.”

Akachota unga ku mabega yake, akaiweka ku kichwa yangu, akageukia simu.

“Mama, huyu naye alifaulu.”

Nililia kama mutoto. Mangaribi Muhindo akauliza bukari iko wapi. Nikamwambia akule boîte.