Mvua Ilikuja, Ikapita

Jumanne saa tisa alasiri Hyasinta alikuwa ameinamia beseni la bluu kando ya jiko, akimrekodi kambale wake kwa simu. Kambale huyo alinunuliwa akiwa hai kwa mchuuzi wa Mang'ola, akanusurika kwa sababu siku hiyo mafuta ya kupikia yaliisha. Tangu hapo akaitwa Mheshimiwa, maana ukimwita haitiki. Video zilikuwa za Angela, bintiye anayesomea uuguzi Arusha, ambaye kila jioni aliandika: "Mama, nitumie vya nyumbani." Na Hyasinta hakuwa mchoyo. Alituma kuku akitaga, maharage yakichemka, Mheshimiwa akikaa kimya.

Basi wingu likashuka kutoka upande wa Ngorongoro, jeusi tii, likinguruma. Hyasinta akatoka uani, akainua simu. Mwezi wa nne ulikuwa unakatika na mahindi yake ya ekari mbili yalikuwa yamejikunja majani kwa kiu. Wingu likaja mpaka juu ya bati lake, likasimama kidogo, kisha likashika njia likaenda kunyesha Ganako. Halikumwachia hata tone.

Kwenye simu, ilinyesha. Alipoirudia video aliona mvua ikilitwanga bati na maji yakichimba mifereji uani. Matone yakatoka kwenye tundu la chaji, yakamlowesha kiganja, naye akayakung'utia ndani ya beseni, maana maji hayatupwi. Akamtumia Angela kama kawaida, naye akapiga simu hapohapo. "Mama, mvua nzuri hiyo! Mungu mkubwa!"

"Mvua ipi, mwanangu? Imepita."

"Si ndiyo, nimeona ilivyopita!"

Haya, kasheshe yote ilianzia kwenye neno hilo. Kwa Hyasinta, mvua iliyopita ni ile iliyokunyima ikaenda zake. Kwa wengine, mvua iliyopita imeshanyesha na tope lake unalo.

Wiki iliyofuata mtendaji wa kijiji, bwana mmoja aitwaye Modest, alizunguka na fomu ya mahindi ya msaada kwa kaya zilizokosa mvua. Alianza kwa mzee Hhando, jirani, ambaye Kiswahili chake ni cha siku ya mnada tu. Alipoulizwa habari ya mvua, mzee akajibu, "Hamna." Akaandikwa. Hyasinta alimaliza darasa la saba, tena akisifiwa na mwalimu kwa insha, kwa hiyo akajibu kikamilifu: "Mvua ilikuja, mtendaji, ikapita." Modest akaandika kama alivyosikia, akalikata jina lake.

Jamani, hasira aliyokuwa nayo! Alikwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza mtendaji yuko kikaoni, mara ya pili mhuri umefungiwa kabatini. Ya tatu alimkuta, na Modest akamfungulia simu yake mwenyewe. Angela, kwa furaha yake, alikuwa ameirusha ile video kwenye kundi la kijiji.

"Mama Angela, hili si bati lako?"

"Ni langu."

"Na hii si mvua?"

"Ni mvua ya kwenye simu. Shambani haikunyesha."

Modest akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na kaya nyingine mbili zenye mvua ya namna hiyo. "Tatizo ni fomu, mama. Inauliza kama imenyesha, haiulizi imenyesha wapi."

"Basi njoo shambani ujionee kwa macho yako!"

"Nikija nitaona, sikatai. Lakini fomu imeshapanda juu."

Hyasinta alirudi nyumbani akiongea peke yake njia nzima. Laiti angejibu "hamna" kama mzee Hhando! Mahindi yakakauka yakawa ya kulisha ng'ombe, na debe la mwisho la akiba likafika chini.

Siku ya mgao lori lilipanda taratibu, Modest ameketi mbele na dereva. Hyasinta alisimama langoni. Mkono ukainua simu wenyewe, kwa mazoea. Lori likapunguza mwendo, likampita, likashusha gunia moja kwa mzee Hhando na kutokomea kuelekea juu. Lakini katika video lori lilifunga breki mbele yake. Vijana wawili wakashusha magunia matatu mlangoni, na mmoja akasema, "Shikamoo, mama." Simu ikawa nzito, akaibeba ndani kwa mikono miwili.

Jioni aliikung'uta juu ya ungo. Punje zikatoka kwenye tundu la chaji moja moja, mpaka zikafika nusu kikombe, kisha chaji ikaisha.

Asubuhi Modest akaja na daftari la wapokeaji, mpole kupita kawaida.

"Mama Angela, shikamoo. Jana nilikuona unarekodi. Naomba nione."

Hyasinta aliichomoa simu kwenye chaji akampa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha. Modest akaipokea kwa mikono miwili, akaiangalia video mpaka mwisho, akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali. Hesabu yangu ilipungua magunia matatu, sijalala. Kumbe yalishuka hapa."

"Yalishuka kwenye simu! Mimi sijapewa kitu. Na wewe ulikuwemo ndani ya lori, Modest, unajua yalikoshukia!"

"Mama, mimi naenda na ushahidi." Akafungua daftari, akaonyesha mstari kwa kidole. "Na asiyetia sahihi, orodha ijayo hatuwezi kumweka. Itaonekana anakataa msaada."

Hyasinta alimtazama usoni, naye Modest akatazama daftari. Mwisho Hyasinta akaichukua kalamu, akaandika jina lake lote, kwa mwandiko ulionyooka.

Modest aliuona ungo juu ya kigoda, na zile punje. Akainama, akajaza pale mbele ya jina: Yamepokelewa, yameanza kutumika. Akaupuliza wino ukauke, akamtakia asubuhi njema, akaenda nyumba inayofuata.