Funga Yote, Usikie Nani Atalia

Bi Waya, ndivyo hospitali nzima ilivyomwita fundi wake wa mtandao, alifungua kile kisanduku kwa bisibisi akaguna kwa kinyaa. Ndani kulikuwa na vumbi linalonata kama masizi ya jiko, na mayai ya mende kando ya feni. Eti huu ndio ukuta wa kuzuia wezi wa mtandaoni! Leseni yake kila mwaka iliitoa hospitali jasho.

Aliyewauzia ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtu wa marashi mengi na maneno ya asali. Aliposikia mahali pa kisanduku hicho zinawekwa seva mbili zenye programu huria, isiyouzwa wala kufichwa, alicheka. "Rahisi ghali, shem. Utarudi kunipigia magoti."

Bi Waya alijua ni nani aliyemvunja dada yake ubavu. Dada naye alishamwambia daktari, faraghani, na jioni ileile mumewe akamrudishia maneno yake, neno kwa neno, huku akitafuna. Dada akamshuku nesi wa kliniki ile, rafiki yake tangu utotoni, wakanuniana. Leo alikuwa na miadi tena, na alikuwa ameapa kusema aliteleza bafuni. Daktari alishamwonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwake yeye, kusema ndiko kulikomtisha.

Mafundi wa kazi hii wana desturi yao: ukihamisha ukuta, funga milango yote ya mtandao, kisha usikilize nani atalia. Mwenye haki unamfungulia. Asubuhi ile duka la dawa lililia, akalifungulia. Maabara wakapayuka kama waliokanyagwa vidole, akawafungulia nao. Kisha simu ikaita. Shemeji.

"Shem, mmefanya nini huko? Mbona siingii?"

"Unaingia wapi?"

"Kwenye mafaili ya wagonjwa, basi. Nilijiachia kamlango, ka matengenezo tu."

"Unatengeneza kisanduku kwa kusoma mafaili ya wagonjwa?"

"Ah, usiwe mkali. Sisi si familia? Nifungulie basi, leo dada yako yuko kliniki."

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayeomba chumvi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinanuka hivi. Bi Waya alikumbuka mikono laini ya shemeji iliyompokea kila sikukuu, akajifuta kiganja kwenye koti.

"Sifungui," akasema, akakata. Mkuu wa hospitali angeambiwa baadaye; kwanza dada.

Aliwakuta kwenye korido ya kliniki, dada kwenye benchi, nesi mlangoni, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Dada, ni mumeo. Alikuwa anasoma faili lako akiwa nyumbani, kupitia kile kisanduku chake. Nesi hakusema kitu. Nimemfungia sasa hivi."

Dada hakulia. Alikunja uso kama aliyeuma tunda lenye funza. Simu yake ikaanza kuita, jina la mumewe likiwaka. Akainuka akishikilia ubavu, akampa nesi ile simu.

"Nishikie, mwenzangu. Mwache alie."

Akaingia kwa daktari.